Nani Amkamate Mwizi? Historia ya Ulinzi Katika Nchi ya Mbulu na Hanang

  Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno manne kwa herufi kubwa: KIJIJI, KATA, WILAYA, MKOA. Tutayahitaji kabla somo halijaisha.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya swali moja. Ng'ombe wameibwa usiku zizini, karibu na Katesh. Asubuhi mwenye mali anaona nyayo zinakwenda magharibi. Je, nani azifuate nyayo hizo? Mwenye ng'ombe peke yake? Majirani zake? Mtendaji wa kijiji? Askari polisi? Na nyayo zikivuka mpaka na kuingia Singida, nani aendelee?

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mbulu ni nchi ya milima na baridi, yenye mashamba na mifugo pamoja. Ukishuka kusini unafika nyanda za Hanang, chini ya mlima Hanang ambao kilele chake kinapita mita 3,400. Zamani sehemu hizi zote mbili, pamoja na Babati na Karatu, zilikuwa wilaya moja tu, Wilaya ya Mbulu. Leo Mbulu na Hanang ni wilaya mbili katika Mkoa wa Manyara, mkoa uliokatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Wanaoishi humo ni Wairaqw, ambao wengine huwaita Wambulu, na Wadatoga, hasa Wabarabaigi wa Hanang. Wapo na Wahadzabe katika bonde la Yaeda, na wageni wengi waliohamia. Jirani zao wa magharibi na kusini ni Wanyiramba, Wanyaturu na Warangi. Kumbukeni majirani hao, maana ng'ombe wa wizi mara nyingi hupelekwa kwa jirani.

Kabla ya kuja Wazungu hapakuwa na polisi, lakini haina maana kwamba hapakuwa na sheria. Wairaqw walikuwa na wazee wao waliokaa barazani na kuamua mashauri. Mtu mbaya aliyekataa kusikia aliweza kulaaniwa na wazee, au kutengwa, asipewe moto wala maji na jirani yeyote. Katika nchi ya baridi kama Mbulu, kunyimwa moto si jambo la mchezo. Wabarabaigi nao walikutana chini ya mti wa kivuli, wakasema shauri mpaka limalizike, na faini yao ilikuwa ng'ombe. Tena kwao wanawake walikuwa na baraza lao wenyewe. Mwanamume aliyewakosea wanawake katika mambo yaliyo haki yao aliweza kutozwa ng'ombe na baraza hilo, na wanaume wenzake hawakumwokoa. Nalisema hili kwa sababu wako watu wanaodhani kwamba mwanamke wa zamani hakuwa na sauti katika mambo ya sheria.

Ulinzi wa namna hii ulikuwa na nguvu moja kubwa: kila mtu alimjua kila mtu. Alama za ng'ombe zilijulikana, nyayo zilijulikana, hata mwendo wa mtu gizani ulijulikana. Udhaifu wake ulikuwa mpakani. Mzee wa Kiiraqw hakuweza kumwita barazani mtu wa Unyaturu. Laana yake haikumtisha mtu asiyemjua. Kwa hiyo aliyeiba ndani ya nchi yake alihukumiwa, lakini aliyeiba kwa jirani pengine alisifiwa.

Wajerumani wakaja. Mwanzoni mwa karne ya 20 walijenga boma Mbulu, wakaweka askari wenye bunduki. Baadhi ya viongozi wa Wadatoga walinyongwa na utawala huo. Boma lilikuwa na nguvu, lakini halikuwa na masikio vijijini, na watu walijifunza kulikwepa. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwafukuza Wajerumani katika sehemu hizi.

Sasa tufike kwa Waingereza, maana hapa ndipo ngazi za serikali zilipoanza kupangwa moja juu ya nyingine. Mwaka 1919 liliundwa Jeshi la Polisi la Tanganyika, na makao yake ya kwanza yalikuwa Lushoto. Lakini polisi hao walikuwa wachache, na wengi wao walikaa mijini, kwenye reli na mashamba makubwa. Nani basi alinde vijiji vya mbali kama Dongobesh au Basotu? Jibu la Waingereza lilikuwa Sheria ya Utawala wa Wenyeji ya mwaka 1926. Kwa sheria hiyo machifu walipewa kazi ya kuzuia uhalifu na kukamata wahalifu katika nchi zao. Mwaka 1929 mahakama zao nazo ziliwekwa chini ya Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa siku hizo. Rufani ilikwenda kwa Bwana Shauri, kisha kwa Mkuu wa Jimbo, kisha kwa Gavana. Haikwenda Mahakama Kuu.

Katika wilaya ya Mbulu utawala wa wenyeji ulikuwa na makabila manne: Wairaqw, Wagorowa, Wabarabaigi na Wambugwe. Chifu alikuwa na matarishi. Tarishi alipeleka wito, alikusanya kodi, alimkamata mshitakiwa na kumleta barazani. Alilipwa kutoka hazina ya wenyeji. Hakuwa polisi, ingawa machoni pa mwanakijiji aliyefungwa kamba tofauti ilikuwa ndogo sana.

Tazameni jinsi mashauri yalivyogawanywa. Wizi mdogo, ugomvi, madai ya mahari na mipaka ya mashamba vilibaki kwa chifu. Mauaji na makosa mengine makubwa yalipelekwa juu, kwa polisi na mahakama za Serikali Kuu. Mpango huu haukuwa wa kijinga. Mwenye kujua nyayo alikuwa chini, mwenye bunduki, gereza na motokaa alikuwa juu, na wote wawili walihitajiana. Kosa lake kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa kwamba mkono mmoja ulifanya kazi nyingi mno. Chifu huyo huyo alikamata, akashitaki, akahukumu, na kutoza faini. Bwana Shauri naye alikuwa mkuu wa serikali na hakimu pia. Mtu aliyeonewa na mkono huo angelalamika wapi, kama si kwa mkono ule ule?

Tena palikuwa na tatizo la mipaka, na hili hasa ndilo lililowasumbua watu wa Hanang. Mbulu ilikuwa katika Jimbo la Kaskazini, na makao ya jimbo yalikuwa Arusha. Singida na Kondoa zilikuwa katika Jimbo la Kati, na makao yake yalikuwa Dodoma. Ng'ombe hutembea kutoka Hanang hadi Singida usiku mmoja au mawili. Lakini barua rasmi? Habari itoke kwa jumbe iende kwa chifu, kwa chifu iende kwa Bwana Shauri wa Mbulu, kutoka kwake kwenda kwa mwenzake wa Singida. Wasipoelewana, shauri lipande Arusha, livuke Dodoma, lishuke tena. Ng'ombe alikwisha chinjwa zamani.

Kwa sababu hiyo wafugaji wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki walikuwa na desturi yao iliyokwenda upesi kuliko barua, yaani kukabidhiana nyayo. Wanaofuata wezi wakifika mpakani, huwaita watu wa upande wa pili na kuwaonyesha nyayo zinapoingia. Tangu hapo mzigo ni wa wenyeji wa pale. Ama waonyeshe nyayo zinapotokea kwenda mbele, ama wajibu wao wenyewe. Hapana karatasi, hapana muhuri. Pana mashahidi tu.

Sasa tunakuja kwenye sehemu nzito ya somo hili. Katika miaka ya Waingereza, nchi ya Hanang na Singida ilijulikana kwa mauaji. Kijana wa Kibarabaigi aliyemwua adui, kama vile simba au tembo, na pengine mtu wa kabila jingine, alihesabiwa shujaa, akapewa ng'ombe na jamaa zake. Waliouawa walikuwa Wairaqw, Wanyaturu na Wanyiramba wasio na kosa, wachungaji na wapita njia. Tusiseme kwamba kabila zima lilikuwa la wauaji. Walioua walikuwa vijana wachache, na leo watoto wa Wabarabaigi ni walimu, wauguzi na askari. Lakini familia zilizompoteza mtu hazikuwa chache, na hofu ilikuwa kubwa.

Serikali ilifanya nini? Ilituma polisi, lakini polisi hawakupata mashahidi. Ndugu hawakumtaja ndugu yao. Chifu aliyewekwa na serikali juu ya Wabarabaigi hakuwa na nguvu ya kweli, kwa sababu watu hao waliwasikiliza wazee wa barazani na viongozi wao wa dini, si mtu aliyekusanya kodi. Kwa hiyo ngazi ya juu na ngazi ya chini zilikatika katikati. Ndipo serikali ikashika njia ya mkato: adhabu ya pamoja. Muuaji asipopatikana, ng'ombe wa watu wa sehemu ile walichukuliwa kuwa faini ya wote.

Fikirini jambo hilo kwa utulivu. Yuko mjane mwenye ng'ombe wake wachache. Hakuua, hakuficha muuaji, hata habari hakuzisikia. Askari wanakuja na kuchukua ng'ombe wake. Je, siku nyingine akiona jambo, atakwenda kumwambia askari? Serikali ilitumaini kwamba hasara ingewafanya watu wawatoe wauaji. Pengine hapa na pale iliwezekana. Lakini mauaji hayakukoma, kwani katika miaka ya 1950 yalikuwa yakiendelea bado. Adhabu ya namna hiyo iliwafanya watu wamwone polisi kama mvamizi mwingine wa ng'ombe, ila huyu amevaa sare.

Mwaka 1960, mwezi wa Agosti, ulifanyika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Kati ya viti 71, TANU ilipata 70. Kiti kimoja tu kilikwenda kwa mgombea wa kujitegemea, nacho kilikuwa cha Mbulu. Bwana Herman Sarwatt, ambaye mwenyewe alikuwa mwana TANU, alimshinda Chifu Amri Dodo aliyeteuliwa na chama. Sisemi kwamba watu walimnyima Chifu kura kwa ajili ya matarishi na faini. Uchaguzi una sababu nyingi. Lakini inafaa kujua kwamba watu wa Mbulu hawakuwa watu wa kupokea kila lililotoka juu.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na ngazi zote zikapangwa upya. Mwaka 1962 wakawekwa Wakuu wa Mikoa na Wakuu wa Wilaya wa serikali mpya. Mwaka 1963 madaraka ya machifu yalifutwa. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, ambayo iliondoa mahakama za wenyeji na kuweka mfuatano mmoja kwa watu wote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, kisha Mahakama Kuu. Sasa hata katika shauri dogo mkulima wa Mbulu aliweza kuhukumiwa na mtu ambaye hakumkamata. Kwangu mimi hili ni badiliko kubwa kuliko bendera za magari ya wakubwa. Mwaka 1964, Tanganyika ilipoungana na Zanzibar, polisi ikawa jambo la Muungano, yaani jeshi moja kwa nchi nzima chini ya Inspekta Jenerali mmoja.

Lakini chifu na tarishi wake walipoondoka, nani aliyebaki na masikio kijijini? TANU ilianzisha mabalozi wa nyumba kumi kuanzia 1964. Baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 likaja jeshi la mgambo, na katika miaka hiyo ya 1970 sheria ikampa mgambo uwezo wa kukamata. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika mageuzi hayo yote kijiji kilipata mwenyekiti na mtendaji wake. Mtendaji wa kijiji leo anakaa karibu na mahali alipokaa jumbe, ila hahukumu.

Polisi walibaki wachache, na wezi wa mifugo hawakungoja. Karibu na mwaka 1982, huko Kahama na Shinyanga, wananchi waliochoka waliunda ulinzi wao wenyewe, Sungusungu, kwa pinde, mishale na filimbi. Filimbi ikilia kijiji hiki, inajibiwa na kijiji kile, na mwizi hana pa kutokea. Hapa tunaona tena desturi ile ya kukabidhiana nyayo, ila sasa imejipanga. Ng'ombe wengi walirudi, na mfano huo ukasambaa katika mikoa mingine ya wafugaji. Hata hivyo Sungusungu wengine walipiga watu, wakatesa, wakafukuza watu kwa tuhuma za uchawi, na baadhi yao walishitakiwa mahakamani. Ilichukua muda serikali kuamua: wanasaidia sheria au wanaivunja? Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili Sungusungu watambuliwe na wawe na uwezo wa kukamata. Hazikuwapa uwezo wa kuhukumu. Jambo hilo moja likisahauliwa, ulinzi wote unageuka kuwa uonevu.

Basi turudi kwenye maneno yaliyo ubaoni, na kwa ng'ombe wetu walioibwa karibu na Katesh. Kijijini, mtendaji na mgambo wanapokea habari, na wananchi wanafuata nyayo. Raia yeyote anaweza kumkamata mwizi anayemwona akitenda kosa, lakini sheria inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Kwenye kata yuko mtendaji wa kata, na miaka ya karibuni Jeshi la Polisi limepeleka wakaguzi wake wakae katika kata, wasingoje kuitwa. Wilayani yuko mkuu wa polisi wa wilaya. Iko na kamati ya ulinzi na usalama ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Mkoani, kule Babati, yuko kamanda wa polisi wa mkoa. Nyayo zikivuka kwenda Singida, kamanda wa Manyara humpigia simu mwenzake wa Singida. Kipo pia kikosi maalumu cha kuzuia wizi wa mifugo ambacho hakifungwi na mpaka wa mkoa mmoja. Barua iliyopanda Arusha na kushuka Dodoma imekuwa simu ya dakika mbili, ikiwa tu yupo mtu wa kuanza kupiga.

Mahali pazuri pa kuona ngazi hizi zikifanya kazi pamoja ni mnadani. Ng'ombe wa wizi lazima auzwe, na mnadani ndipo penye wanunuzi. Mwenye kuuza huulizwa barua ya mtendaji wa kijiji chake. Bwana mifugo hutazama afya na chapa, na hutoa kibali cha kusafirisha. Mtu wa halmashauri hukusanya ushuru. Askari yupo karibu. Mtendaji akiandika barua kwa ng'ombe asiyemjua, eti kwa sababu ameletewa chai, kazi ya wote waliobaki imeharibika, hata askari wangekuwa mia. Kwa hiyo ninyi mnaojifunza kusoma, barua ya namna hiyo isomeni wenyewe: jina, idadi, rangi, chapa, tarehe, muhuri.

Na kama aliyekamatwa amepigwa na wenye hasira? Hapo kuna mambo mawili, na yasichanganywe. Huyo ni mshitakiwa wa wizi, na pia ni mtu aliyeumizwa. Polisi humpa fomu ya matibabu, ile inayoitwa PF3, apelekwe hospitali, iwe Haydom au nyingine iliyo karibu. Waliompiga nao wanaweza kushitakiwa. Akifa, waliompiga wanaweza kushitakiwa kwa mauaji, na ng'ombe wa mwenye mali atakaa kuwa ushahidi wa kesi mbili badala ya moja.

Jambo la mwisho ni saa. Zamani mtu aliweza kulala katika nyumba ya chifu siku nyingi akingoja baraza. Leo sheria imehesabu. Polisi wanatakiwa kumfikisha mtu mahakamani mapema, na sheria inataja saa 24. Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa, kwa sheria ya mwaka 1997, wanaweza kuamuru mtu akamatwe kama wanaona amani itavunjwa, lakini sababu iandikwe, na asipofikishwa kwa hakimu katika saa 48 aachiwe. Uwezo huo umelalamikiwa mara nyingi kwamba hutumiwa vibaya, na malalamiko mengine yana msingi. Mtendaji wa kijiji na mgambo hawana gereza. Wao hukamata na kukabidhi, na anayekabidhi aandike saa aliyokabidhi na jina la aliyepokea.

Sasa mwalimu azime redio, darasa lizungumze. Kutoka kijijini kwenu hadi kituo cha polisi ni mwendo wa saa ngapi kwa miguu? Ng'ombe wakiibwa leo usiku, nani kati yenu ana nambari ya simu ya mkaguzi wa kata? Na kijiji kilicho upande wa pili wa mpaka, mnamjua nani huko kwa jina, ambaye mngemwonyesha nyayo asubuhi akakubali kuzipokea?